Panya wa Baba

Kila jioni sebule yetu ilijaa. Majirani walikuja na viti vyao, maana baba yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, alitoka kiwandani na habari motomoto.

"Leo tumerudishiwa juisi iliyopitwa na muda," alisema siku moja, akitoa chupa mfukoni. "Msimamizi katuamuru tufute tarehe, tupige mhuri mpya. Hii wamesahau kuifuta chini. Tazameni, tarehe mbili!"

Fundi cherehani, jirani yetu, akaguna. "Ndiyo hayo tu?"

Baba hakuweza kuvumilia mguno. "Na panya, shemeji! Anaelea ndani ya tangi, mkubwa kama paka!"

Kesho yake panya walikuwa watatu. Ijumaa mmoja akaota ndevu. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Lakini zile tarehe zilimnyima baba raha. Watoto walikunywa juisi ile. Akajikaza, akamwita mkaguzi wa afya.

Mkaguzi, mama wa makamo, alikuja nyumbani na daftari. Baba alisimulia vizuri, mpaka alipoona kalamu ya mkaguzi imetulia. Hapo akawaleta panya kwenye maelezo yake.

"Kuna mwingine aliyewaona?" mkaguzi aliuliza.

Baba akanitazama. Sikuweza kumwacha peke yake.

"Mimi," nikasema. "Nilimpelekea chakula kiwandani. Niliwaona kwa macho yangu."

Mkaguzi alikwenda kiwandani, akakuta tangi linang'aa. Mlinzi naye akaapa kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuvuka lango lile. Daftari likafungwa. Baba akafukuzwa kazi kwa uzushi, na juisi ikaendelea kuuzwa.

Viti vya majirani havikuja tena. Wiki iliyofuata mtoto wa fundi cherehani akalazwa, akitapika na kuharisha baada ya kunywa juisi ile. Niliichukua kabatini ile chupa ya tarehe mbili, nikaenda ofisini kwa mkaguzi.

"Mama, nilidanganya," nikasema huku nikilia. "Hakukuwa na panya. Ila tarehe ni kweli."

Aliigeuza chupa. "Mbona hamkunionyesha siku ile?"

"Panya walitusahaulisha."

Siku hiyohiyo aliingia kiwandani bila taarifa, akaukuta mhuri na maboksi ya juisi iliyopitwa na muda. Juisi ikaondolewa madukani. Mtoto wa fundi akapona. Baba hakurudishwa kazini. Maelezo yenye panya yalikuwa na sahihi yake.

Jioni moja baadaye viti vilirudi.

"Haya, Redio, tupe mambo!" fundi akasema.

Baba alisimama. "Tulifuta tarehe. Tukapiga mpya. Watoto wakaugua." Akakaa.

Wakasubiri. Hakuongeza panya hata mmoja. Fundi akainama, akajifuta macho.

Baba akanishika mkono. "Ulidanganya kwa kunipenda, mwanangu, na mimi ndiye niliyekufundisha. Ukweli ule ulitosha tangu siku ya kwanza. Mimi tu ndiye niliyeuona mdogo."