Kahonzi Hana Laana

Mama alifariki Jumanne, mwezi wa tatu, shamba likiwa bado halijapandwa. Dada yangu Kahonzi alikaa mlangoni mwa jikoni akasema neno moja tu: "Ameniacha."

Sisi ni wakulima wa Jilore. Kahonzi ana miaka ishirini na sita. Tangu usichana wake, moyo wake haukuwa na kati. Leo kwake wewe ulikuwa ndugu bora kuliko wote. Kesho, kwa neno dogo, ulikuwa adui. Alitukana, alivunja vyombo, kisha alilia akiomba asiachwe. Marafiki walimchoka. Mumewe alimrudisha kwetu.

Kila baada ya ugomvi, Mama alitukusanya tuhatse. Kwetu Wagiriama, kuhatsa ni kuondoa kinyongo. Unatia maji kinywani, unayapuliza, unatamka kwamba huna hasira tena. Tulihatsa mara nyingi. Wiki mbili hazikupita kabla ya sahani nyingine kuvunjika.

Baada ya mazishi hali ilizidi. Siku moja nilikwenda Malindi kuuza mboga, simu ikazimika. Niliporudi, nguo zangu zote zilikuwa uani, kwenye matope.

"Ungeniambia tu kwamba umenihama!" Kahonzi alifoka.

"Simu iliisha chaji, dada."

"Na Mama naye aliisha chaji?"

Shangazi Kadzo, aliyekaa nasi tangu matanga, alitikisa kichwa. "Maji hayashiki. Kuna mtu hapa hahatsi kwa moyo. We Gona, huwa unayapuliza au unayanywa?"

"Shangazi, siku ile kulikuwa na jua," binamu yetu Gona alijibu.

Tulicheka. Kahonzi hakucheka. Shangazi akaongeza, "Kama si sisi, basi ni marehemu. Amekwenda na kinyongo chake, kimekuwa laana."

Kahonzi aliingia ndani. Nilimfuata.

"Mwaro, kama Mama alikufa akinichukia, naishi kwa nini? Afadhali nimfuate."

Niliingiwa na hofu. Sikumwacha peke yake. Nilimpigia Caroline, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Alifika upesi, akaketi mkekani karibu naye.

"Kahonzi, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Usimtie maneno hayo!" Shangazi alisema.

"Shangazi, kumwuliza hakumpi wazo. Kunampa nafasi ya kusema. Na akishasema, hatungoji kesho."

Siku hiyohiyo tulimpeleka hospitali mjini. Alilazwa siku nne. Kisha alianza kumwona mshauri wa afya ya akili, Bi Krupali, ambaye alimsikiliza mara kadhaa kabla ya kutuita sote.

"Nina pepo?" Kahonzi alimwuliza.

"Hapana. Una tatizo la haiba. Haiba ni namna mtu anavyojiona, anavyohisi na anavyoishi na wenzake. Kwako, hofu ya kuachwa ni kali sana. Ikikushika, hasira hupanda haraka, hushuka polepole."

"Inatoka wapi?" niliuliza.

"Haina chanzo kimoja. Wengine huzaliwa na hisia kali. Wengine waliumizwa au waliachwa utotoni. Mara nyingi mambo haya huchanganyika."

Nilikumbuka. Mama alipofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Ngomeni, Kahonzi alilelewa katika nyumba tatu kwa miaka miwili.

"Basi ni kosa la Mama," Kahonzi alisema.

"Mama alikuwa akitafuta chakula," Bi Krupali alisema. "Sisi tunatafuta tiba, hatutafuti mkosaji."

"Na alipokuwa hai," nikamwambia dada, "kila tulipohatsa, nani alikuwa wa kwanza kushika maji?"

"Mama," Kahonzi alisema, akalia.

Shangazi alikohoa. "Kwa hiyo maji yetu ni bure?"

"Si bure," Bi Krupali alijibu. "Yanapatanisha waliokosana. Lakini ugonjwa huu hautokani na kinyongo cha mtu. Tiba yake ni mazungumzo, tena ya miezi mingi. Kahonzi atajifunza kuitambua hasira ikiwa bado ndogo. Dawa zinaweza kusaidia usingizi au huzuni, lakini haziwezi kufanya kazi yote. Watu wengi hupata nafuu kubwa."

Nasi tulipewa kazi yetu. Tusimtishe kwamba tutamfukuza. Tukitoka, tumwambie tutarudi lini. Akikasirika, tusishindane kwa sauti. Akitaja kufa, tusimwache, twende hospitali.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa tano alivunja chungu cha Shangazi, akakataa kwenda kliniki mara mbili. Caroline alimfuata, wakaenda pamoja.

Juzi nilisahau kumwambia kwamba mkutano wa shule ungechelewa. Nilimkuta akipalilia kwa nguvu, jasho likimtoka.

"Nimekukasirikia sana," alisema. "Usinisemeshe mpaka nimalize mstari huu."

Alimaliza mstari, akaja tukala.

Shangazi Kadzo amerudi kwake. Kahonzi ana kliniki Alhamisi hii, saa nne, na siku hizi anakwenda mwenyewe.