Godoro la Mzee Raha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine: kumwinua baba yake kitandani. Baba alikuwa fundi wa kuezeka nyumba. Tangu siku alipoteleza juu ya bati lililolowa umande na kuanguka kwa mgongo, hakuweza kujinyanyua peke yake. Pilipili alipiga goti pembeni, Baba akamzungushia mkono mabegani, wakasema kwa pamoja, "Haya, hop!" na fundi yule mwenye mwili kama jabali akakaa, jasho likimtiririka. Kisha Pilipili alimletea maji ya kunawa uso, akamsogezea mkongojo wake, akanyakua begi la shule na kutoka mbio.

Jina la Pilipili alipewa na majirani. Alikuwa na miaka kumi na miwili na umbo dogo, lakini aliyemchokoza alijua kwa nini anaitwa hivyo.

Daktari alikuwa amewaambia waziwazi, "Mgongo huu hautaki kitanda kinachobonyea. Mtafutieni godoro gumu lililoshiba, lisilozama katikati. Bila hilo, dawa zangu ni kazi bure."

Mama alikuwa fundi cherehani. Aliwaza, akapima huku na kule, mwishowe akauza cherehani yake ya pili, ile aliyomwahidi Pilipili kuwa angejifunzia. Pilipili hakulalamika. Walifuatana hadi sokoni siku ya mapumziko.

Jirani yao mkunga alikuwa amewaelekeza duka lililo mwisho wa mtaa, la mama mmoja mwenye miwani. Lakini kabla ya kufika huko walipita mbele ya duka la Mzee Raha, na kulipita duka la Mzee Raha haikuwa kazi ndogo. Spika mbili kubwa zilipiga muziki mlangoni, na mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kiti na kipaza sauti mkononi.

"Raha! Raha! Ukilala kwangu, unaamka mfalme! Bei ya leo kesho hutaiona!"

Alipomwona Mama anapunguza mwendo, aliruka chini. "Karibu dada yangu, karibu!" Mama alipomweleza kuwa anatafuta godoro gumu la mgonjwa, aliweka mkono shavuni. "Mgonjwa ni nani? Mume? Pole sana. Hili hapa ndilo dawa yake."

Godoro lilikuwa limefungwa kwenye nailoni inayong'aa. Mama alilitazama. "Naomba nifungue kidogo nilibonyeze."

"Aa, dada! Nailoni ikifunguliwa, upepo unaingia na godoro linapoteza nguvu. Utafungua nyumbani."

"Na risiti?"

Mzee Raha aliweka mkono kifuani kama mtu aliyechomwa mwiba. "Risiti ya nini? Mimi na wewe si ndugu? Duka hili hapa, mimi huyu hapa, nitakimbilia wapi?"

Pilipili alimvuta Mama nguo. "Mama, twende kwanza kwa yule mama mwenye miwani."

Lakini bei ilikuwa ya chini, na Mzee Raha alisema angewapelekea hadi nyumbani bila malipo. Mama alitoa pesa.

Siku za kwanza Baba alilala vizuri, nyumba nzima ikafurahi. Kisha godoro likaanza kuzama. Lilizama katikati kama beseni, na pembeni likaota manundu. Asubuhi moja Pilipili alipiga goti kama kawaida, wakasema, "Haya, hop!" na Baba akapiga ukelele ambao Pilipili hakuwahi kuusikia kutoka kwa mtu mzima. Daktari alipompima alitikisa kichwa. Walikuwa wamerudi walikoanzia.

Mama alikwenda dukani siku hiyohiyo, Pilipili nyuma yake. Mzee Raha aliwatazama kana kwamba hajawahi kuwaona.

"Godoro lipi, mama? Una risiti?"

"Wewe mwenyewe ulikataa kunipa!"

Mzee Raha alitabasamu. Kisha akainua kipaza sauti. "Jamani wateja, njooni mwone! Mama huyu amelichosha godoro lake la zamani, watoto wamelikojolea mpaka limeoza, sasa anataka nimpe jipya la bure!"

Mtaa mzima ulicheka. Mama aliinamisha kichwa, akageuka, akaondoka. Njiani hakulia. Alipofika nyumbani aliketi kwenye cherehani na kuiendesha kwa kasi, na Pilipili alipochungulia aliona hapakuwa na kitambaa chochote chini ya sindano.

Kuanzia siku ile, Pilipili alilala na kisasi na kuamka nacho. Darasani mwalimu alifundisha sehemu, yeye akawaza jinsi ya kumgawa Mzee Raha vipandevipande. Alifikiria kukata nyaya za spika. Alifikiria kuingia na wembe na kuchana kila godoro. Mwishowe, akiwa anafuata mpira uliotoka nje ya uwanja wa shule, aliona kitu kwenye uzio, akasimama na kucheka peke yake.

Upupu.

Maganda yake yalikuwa yamekauka na kujaa vile vinyweleo vya rangi ya dhahabu ambavyo vikigusa ngozi, mtu hujikuna hadi akasahau jina lake. Pilipili alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akakwangua taratibu, akaweka vinyweleo kwenye karatasi na kuikunja vizuri.

Alijua pa kuviweka. Mlangoni mwa duka kulikuwa na kiti kikubwa chenye mto mwekundu. Mzee Raha alisimama juu yake akitangaza, na akichoka alikikalia kama mtawala.

Alasiri, Mzee Raha alipoingia ndani kumhudumia mteja, Pilipili alipita mlangoni, akakunjua karatasi juu ya mto, akaendelea na safari yake. Alijificha ng'ambo ya barabara, nyuma ya ndoo za muuza vyombo vya plastiki. Moyo ulimdunda kwa furaha. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kumwasha, lakini hakujali. "Kaa," alinong'ona. "Kaa, mfalme. Kaa uone raha."

Mzee Raha alitoka. Pamoja naye alitoka mama kijana aliyebeba mtoto mchanga aliyefungwa kwa kitenge, miguu midogo ikichungulia nje. Alikuwa amekwisha kulipia godoro, na jasho lilikuwa limemtoka.

"Pumzika hapa, mama mzazi, wakati vijana wanalifunga," alisema Mzee Raha, akipangusa kiti kwa leso. "Hiki ni kiti changu mwenyewe."

Pilipili aliinuka nusu nyuma ya ndoo. Mama yule aligeuka ili akae. Alikuwa akimteremsha mtoto ili amlaze palepale kwenye mto.

"Usikae!" Pilipili alipiga ukelele akichomoka, ndoo zikatawanyika barabarani. "Mama, usikae! Usimlaze mtoto! Kuna upupu!"

Mama yule aliruka nyuma akimkumbatia mtoto. Mzee Raha alitazama kiti, akatazama leso iliyokuwa mkononi mwake, akaanza kujikuna. Kisha akamwona aliyepiga kelele. Kwa hatua chache alikuwa amemkamata Pilipili sikio.

"Mwizi! Mchawi mdogo! Nani amekutuma?"

Pilipili angeweza kukana. Badala yake hasira yote ilimtoka kwa mdomo. "Hakuna aliyenituma! Nimeweka mimi! Nilitaka ukae wewe, siyo mtoto! Umemuuzia mama yangu godoro la takataka, baba yangu hawezi kuinuka, halafu ukamtukana mbele ya watu!"

Watu walijaa. Mama mwenye mtoto alimsogelea. "Unasema godoro la takataka? Mbona nimetoka kulipia moja sasa hivi?"

"Lifungue, mama. Lifungue kabla hujaondoka."

"Nailoni haifunguliwi!" alifoka Mzee Raha, akijikuna shingo.

"Kwa nini?" aliuliza mtu nyuma yao. Alikuwa mwenyekiti wa soko, mtu mfupi mwenye sauti nzito. Alimtoa Pilipili mkononi mwa Mzee Raha, akasikiliza upande huu na upande ule, kisha akasema, "Waitwe wazazi wa huyu mtoto. Na godoro lenyewe lije."

Lilikuja kwa mkokoteni, na Baba akiwa amelazwa juu yake. Mama alitembea kando akimshika mkono. Wachukuzi waliposimama, Baba aliteremka kwa mkongojo, pole pole, huku watu wakimpisha. Muziki ulikuwa umezimwa.

Mama kwanza alimwendea yule mama mwenye mtoto mchanga. "Dada yangu, naomba radhi kwa alilofanya mwanangu. Kama mtoto angeguswa na upupu ule, nisingejua pa kuficha uso." Kisha akamgeukia Pilipili kwa jicho lililosema kwamba mazungumzo yao yangefuata nyumbani.

"Hilo godoro ni zima!" Mzee Raha alipaza sauti. "Mbovu ni mgongo wa huyu bwana! Nilaumiwe mimi kwa mgongo wa mtu?"

Baba aliegemea mkongojo wake. Alikuwa mtu asiyepayuka.

"Kama ni zima," alisema, "lala."

"Nini?"

"Lala. Mbele ya wateja wako. Wachukuzi, litandikeni chini."

"Mimi nina kazi..."

"Lala!" alisema mama mwenye mtoto. "Lala!" akadakia muuza vyombo vya plastiki, na punde mtaa mzima ukawa unaimba, "Lala! Lala! Lala!" Mwenyekiti wa soko alikunja mikono na kungoja.

Mzee Raha alijilaza. Godoro lilimmeza. Makalio yakagonga lami, magoti yakapanda juu, mikono ikapapasa hewa kama mende aliyegeuzwa chali. Alijaribu kuinuka upande wa kulia, nundu likamrudisha. Akajaribu kushoto, akarudishwa tena. Upupu nao haukumwacha.

"Nipeni mkono," alisema.

Hakuna aliyetoa mkono.

"Jamani, nipeni mkono!"

"Mke wangu alikuomba kwa adabu," Baba alisema, "ukamwita mwongo mbele ya watu. Basi kaa humo kidogo. Mimi nimekaa siku nyingi."

Pilipili alihisi utamu ukimpanda hadi masikioni. Kisasi chake cha upupu kilikuwa cha kitoto tu mbele ya hiki.

Mwenyekiti aliagiza godoro jipya la yule mama kijana lichanwe. Nailoni ikapasuka, kitambaa kikafunguka, na vilivyomwagika viliwafanya watu wazibe pua: vipande vya sponji iliyooza, magunia makuukuu, soli za ndala, na marundo ya vitambaa. Mama aliokota kipande kimoja na kukigeuza. Kilikuwa cha mabaki ya sare za shule alizoshona mwenyewe, mabaki aliyoyatupa jalalani.

Akatembea hadi kwenye kile kipaza sauti, akakiwasha.

"Wateja," alisema taratibu, na sauti yake ikafika mwisho wa mtaa, "mimi ndiye yule mama mliyemcheka. Njooni mwone wafalme wanalalia nini." Akataja kila kilichokuwemo, kimoja kimoja, bila tusi hata moja. Akazima, akakirudisha mahali pake. Waliomcheka siku ile waliangalia miguu yao.

Wachukuzi walimtoa Mzee Raha godoroni, akarudisha pesa za watu wote wawili palepale, huku akijikuna. Wakaguzi wa bidhaa waliitwa, duka likafungwa kwa kufuli, na yeye akaondoka nao akiwa ameinamisha kichwa.

Pilipili alidhani mambo yameisha. "Bado wewe," alisema mwenyekiti. "Ndoo za watu ziko barabarani, na kile kiti kina upupu. Nani atakisafisha, mtoto wa nani?"

Pilipili alimtazama Baba kwa macho ya kuomba. Baba alitazama mawingu. Basi Pilipili akaokota ndoo zote, akasugua kiti kwa maji na sabuni, akajikuna mikono hadi viwiko, na hakuna aliyemhurumia isipokuwa yule mtoto mchanga, ambaye alimchekea.

Kesho yake walikwenda duka la mwisho wa mtaa, na yule mama kijana akafuatana nao. Mle ndani hapakuwa na muziki. Mama mwenye miwani hakuwaita ndugu. Alimuuliza Baba uzito wake na alivyoagizwa na daktari, akavuta zipu ya godoro hadi mwisho, akawaonyesha sponji nzima isiyo na kiungo. "Libonyezeni. Lilalieni. Mgongo ni wako, bwana, nitaujuaje mimi?" Baba alilala juu yake muda mrefu, akageuka huku na huku. Godoro halikuzama. Bei ilizidi kidogo ile ya Mzee Raha. Mama mwenye miwani aliandika risiti na muda wa dhamana, akasema, "Likibonyea kabla ya muda huo, lirudisheni. Msipolirudisha, nitajuaje kwamba kiwanda kimenidanganya?"

Wakati linapakiwa, Baba alimwita Pilipili.

"Mwanangu, jana ulinipa fahari na ukanitia aibu, yote siku moja. Kwa upupu wako ungemwadhibu mtoto asiye na meno. Ulipofungua mdomo na kusema kweli, hata ile inayokuumiza wewe mwenyewe, ndipo yule mtu aliposhindwa. Kisasi cha gizani humpata yeyote anayepita. Mwenye haki husimama mchana na kuwaita mashahidi."

"Nimeelewa, Baba."

"Na hili nalo ulishike, maana utakuja kununua vyako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waulize waliokwisha kununua. Gusa, fungua, lala. Muuzaji anayekuzuia kutazama ndani anajua kilichomo ndani. Na usitoke dukani bila risiti, hata kama muuzaji ni mjomba wako."

"Mimi ndiye niliyevutiwa na bei," alisema Mama polepole. "Pilipili alinivuta nguo, sikumsikiliza."

"Basi siku nyingine akikuvuta nguo, simama," Baba alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akishika kiuno kwa maumivu.

Alasiri ile alilala kwenye godoro jipya, akakoroma hadi dirisha likatetemeka. Pilipili aliketi mlangoni akijikuna viwiko, na kila aliyepita kwa kelele alimnyamazisha kwa kujiwekea kidole mdomoni.