Swali la Masha

Kila Jumamosi asubuhi Pascalia alifua sare yake ya shule, akaianika nyuma ya nyumba, kisha akashika njia kwenda kwenye ofisi ya kanisa lao, Changamwe. Ndege za uwanja wa Port Reitz zilipita zikiunguruma juu ya mabati, naye hata hakuinua kichwa. Alikuwa na darasa la kuongoza.

Darasa lenyewe lilikuwa la ajabu, maana wanafunzi wake hakuwahi kuwaona. Mwaka ule wa 1999 kompyuta zilikuwa adimu, na kanisa lilikuwa nayo moja tu, iliyounganishwa na waya wa simu. Watoto wa makanisa ya Voi, Malindi na Arusha walisoma Biblia pamoja nao kwa barua pepe. Kanisa moja liliandika somo, mengine yakauliza maswali, na majibu yakasomwa na wote. Muhula ule zamu ilikuwa ya Changamwe, na Mwalimu Nafula wa shule ya Jumapili alimchagua Pascalia. Mbele za watu sauti ya msichana huyo ilikwama kooni, lakini akishika kalamu maneno yalimjia yenyewe.

Siku hiyo alimkuta Mwangi, mwenyekiti wa vijana, ambaye ndiye aliyeitunza kompyuta. Mwangi alimpa karatasi.

"Kuna swali limetoka Malindi. Usijisumbue, nimeshalijibu. Tutalituma jioni."

Pascalia akasoma: "Naitwa Masha. Mlitufundisha kwamba binti Yairo alikufa na Yesu akamfufua. Dada yangu Nyevu aliugua malaria. Baba aliomba sana, na mimi pia. Nyevu hakuamka. Je, tuliomba vibaya?"

Chini yake palikuwa na jibu: "Imani yenu ilikuwa haba. Siku nyingine ombeni kwa bidii zaidi. Ni mimi Pascalia, kiongozi wa darasa."

Pascalia alihisi kama mtu aliyemeza kaa la moto. Akilini alimwona mtoto huyo akisomewa maneno yale mbele ya wenzake.

"Kaka Mwangi, haya si maneno yangu."

"Najua. Nimekusaidia."

"Yatamchoma."

"Sasa unataka tuseme nini? Kwamba hatujui? Makanisa yote yanasoma. Watasema Changamwe wameweka mtoto asiyejua kitu."

"Afadhali waseme."

Mwangi akacheka. "Siku hizi umeota pembe, eh? Haya. Rudi saa kumi na jibu lako. Usipokuwa nalo langu linaenda, na wiki ijayo ataongoza mwenzako Phineas."

Pascalia alirudi nyumbani, akachukua mtungi, akaenda bombani. Huko alimkuta jirani yake Mwanarehema ameketi juu ya mtungi wake, akingojea maji yatoke.

"Mwenzangu, mbona umekunja uso hivyo? Umekula ndimu?"

Pascalia alimweleza yote.

"Maskini mtoto wa watu," Mwanarehema alisema. "Nawe jibu lake walijua?"

"Silijui. Hapo ndipo penye taabu."

"Taabu gani? Maalim wetu wa chuoni, anayetusomesha dini, ameihifadhi Kurani yote. Lakini ukimuuliza asilolijua, hakuzungushi. Husema 'Wallahu aalam', Mungu ndiye ajuaye. Basi, kisha twaendelea na somo."

"Na nyinyi hamumcheki?"

"Tumcheke kwa lipi? Siku anayosema ajua, twamwamini."

Bomba likakohoa, maji yakaanza kutoka. Pascalia alijaza mtungi wake, akaufikisha nyumbani, akaenda zake ofisini bila hata kubadilisha kanga iliyolowa.

Aliketi mbele ya kompyuta, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja:

"Masha, pole sana. Sijui kwa nini binti Yairo aliamka na Nyevu hakuamka. Nimefikiri sana, sikuona jibu. Mungu ndiye ajuaye. Lakini siamini kwamba mliomba vibaya. Yesu mwenyewe alilia rafiki yake alipokufa, na nyinyi mna ruhusa ya kulia. Tuandikie, Nyevu alipenda michezo gani?"

Mwangi alisoma nyuma ya bega lake. "Hapana. Hili halitoki hapa. 'Sijui' ni jibu la kiongozi? Na hilo la 'Mungu ndiye ajuaye' umelitoa wapi, msikitini?"

"Nimelitoa bombani," Pascalia alisema. Safari hii sauti haikukwama. "Na ni kweli. Unaweza kuninyima kuongoza. Mpe Phineas. Lakini uongo hauendi Malindi kwa jina langu. Siondoki kwenye kiti hiki mpaka Mwalimu aje."

"Utalala hapo."

"Nitalala."

Wakakaa hivyo, kila mmoja amenuna upande wake, mpaka Mwalimu Nafula alipoingia akitoka kazini bandarini.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Kuna msiba hapa?"

Alisoma swali. Akasoma jibu la Mwangi, kisha la Pascalia, akavua miwani na kuifuta polepole.

"Mwangi, tuma hili la Pascalia."

"Mwalimu, watatucheka."

"Wacha wacheke. Tuma."

Jumamosi iliyofuata jibu lilifika. "Nyevu alipenda kuruka kamba," Masha aliandika. "Alinishinda kila siku. Watu walikuwa wakimwambia baba hakuwa na imani, akaacha kuja kanisani. Nilimsomea barua yenu. Akaniambia nirudie. Jana tulikwenda pamoja kanisani, kwenye maombi ya jioni." Kutoka Voi mwalimu mmoja aliandika kwamba watoto wake wengi walikuwa na swali lile lile, ila waliogopa kuliuliza.

Mwangi alikuna kichwa. "Mimi nilidhani naliokoa jina la kanisa," alisema. "Nisamehe, Pascalia."

"Yamekwisha, kaka."

Mwalimu Nafula aliwatazama wote wawili. "Sikilizeni, wanangu. Kusema 'sijui' hakumvunjii mtu heshima. Anayejitia kujua humuumiza mwenzake ili yeye mwenyewe aonekane, na hilo ndilo la aibu. Kiongozi husema analolijua, hukiri asilolijua, na akishikilia ukweli hashuki kwenye kiti chake hata akitishwa."

Kisha akaitikisa kanga ya Pascalia begani. "Lakini siku nyingine, mama, ukija kugoma kama wiki iliyopita, njoo na nguo kavu."