Shangazi Aliyetoka Nyumba ya Mungwana

Siku ya soko, Sake haina pa kuweka mguu. Asubuhi hiyo ya mwaka 1957, wanawake wa milimani walikuwa wameteremsha viazi na maharage, wachuuzi wa Minova wamepanga mikungu ya ndizi hadi barabarani, na katikati ya kelele zote hizo Elisabeth Mukandori alikuwa amesimama na sanduku lake la bati, anatafuta lori la Walikale na hajui amwulize nani. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa ametoka shule ya walimu kwa masista, na gauni lake la buluu lenye kola nyeupe alilishona mwenyewe.

Alirudi nyuma kupisha mbuzi, akajikwaa kwenye kasha la mbao. Kasha likapinduka, vyuma vyeusi vikamwagika matopeni.

“Pole, Papa! Pole sana!” Akainama kuokota bila kutazama juu.

“Papa? Niko muzee namna hiyo?”

Aliinua uso. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe, suruali ya kaki iliyopigwa pasi kali, kalamu mfukoni.

“Samahani, kaka. Weye uko unauzisha bawaba?”

“Hapana. Niko naipelekea nyumba bawaba zake. Iko nangoja milango kule Walikale tangu wakati wa Waarabu. Mimi Straton, karani wa serikali. Na kwa kweli, dada, njo hiyo nyumba peke yake inaningojea.”

Elisabeth alicheka kabla hajajizuia, kisha akaziba mdomo kwa mkono uliojaa matope. Straton akacheka zaidi.

Lori lilipokuja, Straton alikuwa na nafasi ya mbele karibu na dereva. Akampa yeye, mwenyewe akapanda juu ya magunia. Walipofika Walikale kesho yake, shati jeupe lilikuwa jekundu kwa vumbi, na Elisabeth, aliyekuwa amepangiwa kufundisha wasichana wa misheni pale, alikuwa amekwisha kukariri sauti ya mtu mmoja anayeimba juu ya magunia.

Miezi mitatu ikapita. Jioni, darasa likiisha, Straton alikuwa anapita na baiskeli, anasimama kana kwamba mnyororo umetoka.

“Munyororo tena?” Elisabeth aliuliza.

“Munyororo iko na wivu, mwalimu wangu. Ikikuona inakataa kwenda.”

“Basi nunua baiskeli ingine.”

“Ninunue ya nini? Hii ikipona nitapita hapa kwa sababu gani?”

Straton alipoomba ruhusa ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Elisabeth huko Masisi, Elisabeth alijibu kwa kalamu. Aliandika kwenye karatasi ya daftari: *Ndiyo. Lakini kwanza unionyeshe ile nyumba yako.*

Wakaenda siku ya Jumapili, baada ya misa. Nyumba ilisimama juu ya mto Lowa, kuta zake za matofali ya udongo nene kama urefu wa mkono, zimepakwa chokaa upya. Mungwana mmoja kutoka Maniema, mfanyabiashara wa pembe na watu, aliijenga kabla Wabelgiji hawajafika. Ilibomoka, nyasi zikaimeza. Sasa serikali ilitaka watu waione, na Straton ndiye aliyesimamia mafundi tangu tofali la kwanza. Mbele ya wageni alivaa kanzu na kofia nyekundu, kwa sababu bwana mkubwa, Mbelgiji aliyemsimamia kazini, alipenda hivyo.

Wageni walikuwa kumi hivi. Straton aliwapitisha sebuleni, penye sinia za shaba na mizani ya kupimia pembe. Aliwaonyesha mnyororo wa shingo, wenye pete nane. Halafu akawaingiza chumba cha nyuma, kisicho na dirisha. Humo watu walikuwa wanangoja msafara. Chokaa mpya ilinukia, lakini chini yake Elisabeth alisikia harufu nyingine, ya unyevu, na akajisogeza karibu na mlango.

“Serikali ilikuja, utumwa ukaisha,” Straton alisoma kwenye karatasi yake.

“Na ya mupira?” mzee mmoja aliuliza kwa upole. “Baba yangu alipigwa fimbo hapa hapa kwenye hii mulango, juu hakuleta mupira ya miti ya kutosha. Serikali ilikuwa imekwisha kuja.”

“Papa, hiyo haiko kwenye karatasi.”

“Najua, mwana. Njo maana nauliza.”

Straton alikunja karatasi. Labda ni aibu iliyomfanya aache maneno ya serikali na kusimulia ya kwao.

“Nitawaambia kitu ya jamaa yetu. Babu yangu, mwindaji, alileta pembe hapa. Akaona mutoto wa kike wa milimani, wa miaka kumi na moja, amelala kwenye kona ile. Akaacha pembe, akachukua mutoto. Hakumufanya mutumishi. Walimunyoa nywele, wakamulisha ndizi kwa mukono wa mama wa nyumba, wakamupa mwiko wetu, asikule kakakuona. Akakuwa dada ya baba yangu. Wabelgiji walipofukuza Waarabu, akafuata watu wa kwao waliokuwa wanarudi. Hatukumuona tena. Mimi namuita shangazi, na sikumujua. Jina yake Mukamurenzi.”

Elisabeth alilijua jina hilo. Bibi yake, mama wa baba yake, aliyezikwa Masisi miaka minane iliyopita, aliitwa Mukamurenzi. Na mlimani kwao, ambako hakuna mtu aliyewahi kumwona kakakuona hata kwa ndoto, yule bibi alikuwa anawakataza wajukuu: *Sisi hatumuli yule mnyama.* Watoto walikuwa wanamcheka. Mnyama gani, koko?

Kwa hiyo Straton alikuwa nani kwake?

Alitoka nje, akashuka kilima, gauni lake jeupe la Jumapili likinasa kwenye miiba. Hakugeuka alipoitwa.

Kwa majuma mawili hakutoka misheni. Straton alipeleka karatasi kwa mpishi wa masista. Ya kwanza: *Sheri wangu, nimekosa nini?* Ya pili: *Najua. Uliniona na ile kanzu, ukafikiri niko wa ukoo wa Mungwana. Nimeivua. Nimemwambia bwana mkubwa siivai tena, akanikatia mshahara wa juma.* Ya tatu ilikuwa fupi: *Kama unaogopa damu yangu, useme.*

Elisabeth aliisoma ya tatu mara nyingi sana. Ni damu yake, ndiyo. Lakini si hivyo anavyofikiri. Na je, ni damu kweli? Pembe ya tembo inaweza kuzaa ndugu? Usiku aliona ndiyo, asubuhi akaona hapana, na mchana, akifundisha kushona, alifumua mshono uleule mara tatu, wasichana wakatazamana.

Mwishowe Straton alimkuta kwenye chemchemi, akikinga maji kwa ndoo.

“Uniambie kwa mudomo yako,” alisema. Macho yalikuwa mekundu. “Unanikatala juu ya babu yangu?”

“Juu ya babu yako, ndiyo. Lakini…”

“Hakuuzisha muntu hata mumoja!”

“Straton, nyamaza, unisikie! Mukamurenzi njo koko yangu. Mama ya baba yangu.”

Ndoo ilijaa, ikafurika, hakuna aliyeigusa. Kwao Straton, na Elisabeth alilijua hilo tayari kutoka kwa wasichana wake, mtoto wa shangazi na wajukuu wa shangazi hawaolewi ukooni hadi kizazi cha nne.

“Sasa,” Straton alisema polepole, “ulinikimbia kwa sababu unanipenda?”

“Sijue nilikimbia nini.”

Akamshika mkono. Hapo ndipo wote wawili walianza kulia, halafu kucheka, kwa sababu mama mmoja mwenye ndoo kichwani aliwapigia kelele: “Mupendane pembeni! Sisi tunataka maji!”

Baba mkubwa wa Straton, Papa Nestor, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Alisikiliza habari nzima, akajikuna kidevu, akatabasamu.

“Hiyo haiko ngumu. Mutoto wa ukoo akiolewa, mbuzi zinakuja hapa. Mbuzi za Mukamurenzi zilikuja? Hazikukuja. Basi tukutane Jumamosi, tuseme mbele ya watu wote kama alikuwa muntu wa kununuliwa tu, kwa pembe. Hakukuwa dada yetu. Halafu muoane. Mukatolika ao mupagani, hakuna atakayesema kitu.”

Straton alirukaruka kwa furaha. Alikimbia misheni. “Ni neno moja tu, moyo wangu! Weye njo mujukuu yake, watakuuliza, utaitika. Kiisha, Masisi!”

“Neno gani?”

Akamweleza. Elisabeth alitikisa kichwa kukubali, kwa vile uso wa Straton ulikuwa unang'aa sana na yeye alikuwa anautamani uso huo. Baadaye, peke yake, hakujua ameitikia nini.

Jumamosi ukoo ulikaa uani kwa Papa Nestor. Elisabeth alivaa lile gauni la buluu. Kando ya wanaume, kwenye kigoda, aliketi shangazi wa kweli wa Straton, Mama Françoise, mwanamke wa miaka sabini, kiko mdomoni, rozari shingoni.

“Mutoto huyu anafanana na Mukamurenzi kwa masikio,” Mama Françoise alisema kwa sauti. “Yule alikuwa nakojoa kitandani juu ya hofu. Mimi nilikuwa mudogo, nilikuwa nalala naye. Mama yangu hakumupiga. Alikuwa nageuza mukeka tu.”

“Françoise, ngoja wakati yako,” Papa Nestor alisema.

“Nimengoja miaka makumi sita na ine.”

Papa Nestor akakohoa, akamgeukia Elisabeth. “Mwana, tunakuuliza mbele ya watu. Mukamurenzi, aliyetoka nyumba ya Mungwana. Alikuwa mutoto wetu, ao alikuwa muntu wa kununuliwa?”

Straton alikuwa anamtazama, midomo yake ikitengeneza lile neno kimyakimya, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi.

Elisabeth alifungua mdomo. Aliona kile chumba kisicho na dirisha. Aliona kwamba akisema hivyo, yeye mwenyewe ndiye atakayemrudisha yule mtoto ndani na kufunga mlango. Na akaona Straton, pasi ya suruali yake, vidole vyake vyenye wino. Alitaka vyote viwili. Machozi yalimtoka. Wakangoja.

“Alikuwa mutoto wenu,” alisema.

Mama Françoise alitoa kiko mdomoni, akapiga kigelegele kimoja kilichokatika katikati, akafunika uso kwa kitenge.

Masista walimruhusu arudi Masisi muhula ulipokwisha. Desturi ya kule ni kwamba binti wa ukoo akisafiri, ndugu yake anamsindikiza mpaka darajani. Papa Nestor alimtuma Straton, labda kwa kusahau, labda si kwa kusahau. Alibeba sanduku la bati njia nzima. Lori lilikuwa linangoja ng'ambo, injini ikinguruma.

“Neno moja, Elisa,” alisema mwishoni. “Ungeitika, leo tungekuwa tunaenda wote wawili.”

“Ungekuwa umeoa mujukuu wa nani?”

Straton alipandisha sanduku juu ya lori, akalifunga kwa kamba, akalifungua, akalifunga tena vizuri zaidi.

“Sikukasirikii,” alisema. “Nilifikiri nitakukasirikia. Jana Mama Françoise alikuja kulala kwetu, akanisimulia yote ya yule mutoto mpaka asubuhi. Niliona… Aah, mi sijue. Sasa nikupende namna gani?”

“Sijue, Straton.”

“Namna ya ndugu?”

“Sijue, nakwambia. Sijue hata mimi.”

Dereva akapiga honi. Elisabeth akampa mkono kwa mikono miwili, kama mtu anavyowaaga wakubwa wa kwao, na Straton akaupokea hivyohivyo, kichwa chini, mvua ikianza.