Tangazo Lililochelewa Ubaoni

Kila jioni, akishaosha vyombo, Kasuku alikoroga unga wa ngano na maji motoni mpaka ukawa gundi. Jina hilo la utani alipewa na marehemu mama yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Gundi ilikuwa ya baba, tarishi wa ofisi ya hati fungani. Wakubwa wa ofisi walikuwa na magari yenye viyoyozi, lakini gundi, walisema, haimo kwenye bajeti.

Baba alimweleza kwamba hati fungani ni karatasi unayopewa ukiikopesha serikali fedha; muda ukifika unarudishiwa na faida juu. Raia hawakusumbuliwa. Wageni ndio walioyumbishwa. Kasuku alipokuwa darasa la pili, wageni walikatazwa kabisa kununua. Alipofika la tatu, wakakaribishwa kwa mikono miwili. La nne, wakaambiwa wanunue, ila fedha zao zikae mwaka mzima ndipo watoke nazo. Kila wakubwa walipobadili nia, baba alibandika tangazo jipya kwenye ubao wa bati, na kanuni ilianza kazi siku ile lilipobandikwa.

"Wanafungua na kufunga kama mlango wa choo," baba alinung'unika.

Ijumaa moja jioni, Kasuku akiwa la tano, baba alikabidhiwa tangazo jingine: sasa fedha za mgeni zikae miaka mitano. Lilitakiwa ubaoni kesho yake asubuhi. Kasuku aliiacha sufuria motoni, akatoka kuruka kamba na wenzake. Aliporudi gundi ilikuwa makaa, na unga ulikuwa umekwisha, wala hapakuwa na fedha ya kununua mwingine mpaka Jumatatu.

Jumamosi ofisi ilifunguliwa nusu siku, tangazo la mwaka mmoja likiwa bado ubaoni. Baba alibandika jipya Jumatatu. Kwa kumwogopa mkuu wake, akaandika kwenye daftari la matangazo kwamba alilibandika Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo mama mdogo wa Kasuku, aliyekuja kuwatembelea, alisoma ubao, akanunua hati kwa akiba yake yote. Alikuwa amechukua uraia wa nchi alikofanya kazi, hivyo kwa ofisi ile alikuwa mgeni. Baba alipojua, hakumwambia lolote kuhusu tangazo wala daftari.

Mwaka ulipita. Mama mdogo alipoteza kazi, akarudi na begi moja. Dirishani akaambiwa kwamba, kwa mujibu wa daftari, asubiri miaka minne mingine. Alizungushwa ofisi hii na ile, kila karani akimwelekeza kwa mwenzake. Usiku ule aliketi mkekani, akasema labda macho yake ndiyo yaliyomdanganya. Kasuku akaliacha tonge lake. Alimfuata baba uani.

"Baba, gundi niliiunguza mimi. Mwambie."

"Nikisema, kazi imekwenda. Tutakula bati la ubao?"

"Na mama mdogo atakula nini?"

Baba akamwambia akalale; kesho wangekwenda ofisini. Asubuhi walikwenda wote watatu. Mbele ya mkuu wa ofisi Kasuku alianza kueleza habari ya sufuria. Baba akamshika bega, akamalizia mwenyewe: tangazo lilibandikwa Jumatatu, na uongo wa daftarini ni wake. Mkuu alimwita mzembe makarani wakisikia. Hakuuliza gundi hutoka wapi. Daftari lilisahihishwa, mama mdogo akalipwa fedha zake. Baba akaondolewa utarishi, akapewa fagio la kufagilia ua, kwa mshahara wa nusu.

Wiki tatu baadaye wakubwa waliifuta kanuni ile. Mgeni, hata aliyenunua zamani, sasa angetoka na fedha zake siku anayotaka.

Kasuku alilia. "Tungenyamaza tu, angelipwa, nawe ungebaki na kazi yako."

"Tungejuaje?" baba alimwuliza. "Hao hawatuulizi wakifunga, wala hawatuulizi wakifungua. Huko juu hatuna uwezo wowote, mwanangu. Tulichokuwa nacho mkononi ni siku moja tu, ile Jumamosi, nami nikaiandikia uongo. Mwaka mzima nilikuwa nikijua. Mama yako mdogo alifika mahali pa kuyashuku macho yake, nami nikimtazama. Kosa liseme lingali dogo. Ungeunguza sufuria kumi, nisingekugombeza kama ninavyojigombeza mimi."

Kisha akaomba maji ya kunawa. Ua wa ofisi ulikuwa na vumbi jingi.