Fimbo Inayopinda

Kila asubuhi Bhoke aliosha vyombo vya jana na kufagia uwanja, kisha akateremka hadi kwenye mawe ya Makoko, kando ya ziwa, kutazama watu wakivua. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikaa kwa shangazi yake, Consolata, ili asome Musoma mjini. Kwao ni Butiama, kwenye nyumba ya ng'ombe na mbuzi, ambako samaki huonekana sokoni tu. Lakini ziwa lilikuwa limemteka. Alitamani naye asimame pale juu ya mawe, atupe mshipi wake, alete sato nyumbani.

Baba yake, Mzee Ryoba, hakumkatalia. Bhoke alikuwa na mbuzi mmoja aliyepewa utotoni, ndiye mali yake yote, basi mbuzi akauzwa ili inunuliwe fimbo ya kuvulia. Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza, baba alimletea pesa akasema neno lake mara moja tu. "Mbuzi alikuwa wako, na pesa ni yako. Ila likizo ikiisha hujavua hata samaki mmoja, hiyo fimbo tunaiuza, na habari za ziwa zinaishia hapo."

Wakaenda pamoja mjini, kwenye duka la vifaa vya kuvulia. Muuzaji, mama aliyeitwa Marieta, alimwuliza Bhoke atavulia wapi na kama amewahi kuvua. Aliposikia kwamba ndiyo kwanza anaanza, na kwamba atavulia kwenye mawe ya Makoko, alimtolea fimbo nyembamba, nyepesi, ya bei nafuu. Alieleza kwamba pale sato hukaa karibu, kwa hiyo hakuna haja ya kutupa mbali, na pesa itakayobaki itatosha mshipi wa akiba na ndoana.

Bhoke aliisimamisha sakafuni akaikandamiza. Ikapinda kama jani la mhindi. Kwao, mtoto hufundishwa kuchagua fimbo ya kuchungia kabla hajajua kuhesabu: unaikandamiza chini, ikipinda unaitupa. Mzee Ryoba alicheka akasema hiyo haitishi hata ndama. Wakachagua nyingine, nene, ndefu, ngumu kama mpini wa jembe, iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki wakubwa. Ikameza pesa yote ya mbuzi. Marieta alijaribu kuwaambia tena, lakini nani amsikilize? Walimwona kama mtu anayetaka kuwabambikia kitu dhaifu. Mjuaji haambiliki, na siku hiyo walikuwa wajuaji wawili.

Siku ya kwanza Bhoke alitupa mshipi mpaka bega likamwuma. Chambo chake, nyungunyungu mmoja, kilikuwa chepesi mno kwa fimbo ile, kikaangukia miguuni pake. Siku zilizofuata samaki walidonoa chambo chote naye asihisi kitu. Siku ya sita alimnasa sato. Akavuta, fimbo ikakaza isilegee hata kidogo, ndoana ikamchana samaki mdomo na kuchomoka. Wa pili alikata mshipi, akaenda na ndoana, na Bhoke hakuwa na nyingine. Alikaa juu ya jiwe akalia. Alimlilia mbuzi wake.

Rafiki yake Lucy alimshauri aende akaseme kwamba kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kilikuwa kibovu tangu dukani, ili abadilishiwe fimbo. Nani angejua? Bhoke aliona ni ushauri wa maana. Njia nzima ya kwenda mjini aliupanga ule uongo, akaupamba mpaka karibu auamini mwenyewe.

Dukani, Marieta aliipokea fimbo akaigeuzageuza. "Imekuwaje, mwanangu? Hizi huwaga hazina shida."

Bhoke alifungua mdomo aseme yote aliyoyapanga. Aliona aibu.

"Fimbo ni nzima, mama," akasema. "Mimi ndiye nilichagua vibaya. Ulituambia, tukakuona unatudanganya. Na hapa nimeikwaruza kwenye mawe."

Marieta alipangusa ile mikwaruzo kwa kidole. Kisha akasema kwamba wiki hiyo hiyo mtu mzima alimrudishia fimbo na hadithi ndefu isiyo na kweli, naye Marieta akamwambia aondoke nayo. Ya Bhoke aliipokea kwa bei pungufu kwa sababu ya mikwaruzo, akampa ile nyembamba, mshipi mpya na ndoana tano. "Fimbo ikipinda usiogope," akamwambia. "Samaki anahangaika na fimbo, mshipi unapona. Wewe subiri achoke."

Jumamosi ya mwisho ya likizo, Mzee Ryoba alikuja kutoka Butiama kutimiza neno lake. Alimkuta binti yake maweni, bado mikono mitupu. Akaketi kando yake juu ya jiwe. Jua lilikuwa limeanza kuuma pale chelezo, kinachoelea kwenye mshipi, kilipozama ghafla, na fimbo ikapinda mpaka ncha ikakaribia maji.

"Iachie, inavunjika hiyo," baba alisema.

"Haivunjiki, baba. Tumwache achoke."

Samaki alikwenda kulia, akarudi kushoto, fimbo ikimfuata kila alikokwenda. Alipochoka Bhoke alimvuta polepole mpaka juu ya jiwe: sato mnene, mrefu kuliko kiganja cha baba yake.

Mzee Ryoba aliichukua fimbo, akaikandamiza juu ya jiwe, akaitazama inavyopinda. Safari hii hakucheka. Bhoke akamsimulia yote, pamoja na uongo alioupanga na kweli aliyoisema.

"Nimechunga miaka arobaini," baba alisema, "nikadhani anayejua fimbo ya ng'ombe anajua na ya samaki. Yule mama kazi yake ndiyo hii, na mimi nilimcheka. Ukiwa mgeni wa kazi, mwanangu, sikiliza wenye kazi. Na ukikosea, sema kama ulivyosema. Ungemdanganya, leo tungekuwa tunauza fimbo."

Shangazi Consolata alimpika yule sato mchana huo, na baba, ambaye siku zote hulalamikia miiba, alikula mpaka kichwa. Kisha, kabla ya kurudi Butiama, alimwomba Bhoke ampeleke dukani kwa Marieta. Hakununua kitu. Alivua kofia mlangoni, akaingia kuomba radhi.