Nta ya Jamu Iliyoninyang'anya Mikono

Nina miaka thelathini na minne, mama wa binti mmoja, na nilikuwa msusi hapa Marshalltown, Johannesburg. Nasema nilikuwa... maana vidole hivi havishiki tena hata kitana!

Wasomaji wenzangu, wifi yangu Furaha alipofika kutoka Bukavu nilimpokea kwa moyo mweupe. Nikamfundisha kusuka. Nikamfundisha hata jamu yangu ya mapera. Ukishajaza chupa, unamwagia nta juu ili jamu isiingiwe na hewa. Nta unaiyeyusha ndani ya kopo, na kopo linakaa kwenye sufuria ya maji, moto mdogo. Nilimwambia mpaka nikachoka! Yeye akaniona mwoga tu.

Jumamosi ile nilikuwa sebuleni namsuka jirani. Furaha, kwa haraka zake, akalibandika kopo moja kwa moja kwenye jiko la umeme. Mara umeme ukakatika, ule mgao wetu tuliouzoea. Akaacha swichi ya jiko ikiwa imewashwa, akashuka barabarani kupiga soga.

Umeme ukarudi. Nikasikia harufu, nikakimbilia jikoni... jamani, nta inawaka! Furaha naye akaingia mbio, akachota maji.

"Wifi, usimwage! Lete mfuniko!"

Wapi! Akamwaga. Moto ukalipuka hadi darini, nami nikakinga uso kwa mikono yangu.

Mnajua Furaha alimwambia nini mume wangu hospitalini? Eti mimi ndiye niliyeacha jiko limewashwa! Na mume wangu akamwamini dada yake. Jirani aliyaona yote, lakini alitoka kwangu nusu ya kichwa tu imesukwa, na Furaha ndiye aliyemmalizia. Basi jirani hakunitetea.

Leo Furaha amekalia kiti changu, anasuka wateja wangu. Eish, nina hasira! Juzi binti yangu alinijia na kitana, kama zamani. Akaitazama mikono yangu... akageuka, akampelekea shangazi yake. Nililia kama mtoto.

Dada zangu, nawasihi! Nta ikae ndani ya maji, wala msiipe mgongo. Umeme ukikatika, zimeni swichi kwanza. Ikishika moto, zimeni jiko, funikeni, msithubutu kumwaga maji. Na anayedharau moto, msimwachie jiko lenu, hata awe ndugu. Mimi nilimwachia, na sasa nywele za mwanangu nazitazama tu.